Tumbo Moja, Homa Moja

Muheza, Jumapili mchana. Huu ni mwezi wa tatu tangu utuache, na mwaka wa sita tangu tutoke Songea.

Kaka Fidelis,

Bado niko kambini, chumba kile kile. Kitanda chako nimekisimamisha ukutani, maana kila nikiingia jicho lilikuwa linakwenda hapo kwanza. Sasa tunakata mkonge upande wa mtoni. Mikono inauma kama unavyojua.

Kuna jambo linanisumbua, na mtu wa kumuuliza ulikuwa wewe. Mafua yale yalitushika pamoja. Chumba kimoja, sufuria moja ya ugali. Mimi nilikohoa kidogo, nikalala, nikarudi shambani. Wewe, uliyebeba mafungu mawili ya mkonge kwa mpigo, ukanicheka: "Homa imekushindwa wewe mwembamba hivyo, mimi itanipatia wapi?" Tuliamini sote, hata mnyapara. Damu ni moja, akipona mmoja na mwenzake atapona. Hadi tunakufikisha hospitali, kifua kilikuwa kimejaa.

Nyumbani nao wanahesabu hivyo hivyo, ila wamefika kwingine. Baba mkubwa alinipigia simu: "Mmetoka tumbo moja, mmekula sufuria moja. Kwa nini yeye, si wewe?" Kisha akakata simu. Nilijua ananifikiria uchawi. Siku ya kumaliza matanga natakiwa nisimame mbele ya ukoo nieleze ugonjwa wako, Mama akiwa amekaa pale. Nikishindwa, Kaka, sina nyumbani tena.

Nikaenda zahanati kumuuliza muuguzi, yule Dada Zaina wa Kibondei aliyekuwa anakutania. Akaniuliza, "Wewe na marehemu mlifanana?" Nikamwambia hata kidogo, wewe ulichukua pua ya Baba, mimi masikio ya babu mzaa Mama.

"Basi na askari wa mwilini, wanaopigana na magonjwa, hurithiwa hivyo hivyo."

Akanieleza kwamba kila mtoto hupewa nusu kwa baba, nusu kwa mama, lakini nusu zako si zangu. Kirusi kile kile kikiingia, askari wa huyu wanakitambua mapema, akakohoa tu. Wa yule wanachelewa, au wanakuja na hasira mpaka wanaumiza mapafu yenyewe. Misuli haisemi lolote hapo. Nikamuuliza kama ndivyo ilivyokuwa kwako. Akasema hajui, hakuna aliyekupima hilo, na yapo mengine yanayoweza kumzidisha mtu. "Lakini wewe kupona, kaka yangu, si ushahidi kwamba umemla mwenzio."

Nililia palepale kwenye benchi, wagonjwa wananitazama.

Tangu hapo nafikiria nikiwa kazini. Miche ya mkonge wetu imetoka kwenye milingoti, yale mashina marefu yanayozaa vichipukizi, ya mkonge wa aina moja, ndiyo maana shamba zima linafanana. Nilidhani ndugu ni hivyo. Kumbe Mama alituzaa kila mmoja upya! Natamani kujua ulipewa nini nisichopewa mimi, na kama yupo kati ya dada zetu aliyepewa kama wewe. Akishikwa na mafua, sitakubali aambiwe ana nguvu, avumilie.

Pumzika, Kaka. Nitasimama mbele yao nieleze yote niliyoelezwa, na pale asipopajua Dada Zaina nitasema hapajulikani. Sitapaziba kwa uongo ili niaminiwe.

Ruhusa nimepata. Nitakuwa kwa Mama kabla mahindi hayajapandwa.

Mdogo wako,
Otmari