Taulo la Rukaya

Wifi Shamsia,

Maharage yapo jikoni, bado chumvi. Wafungulie kuku. Nimempeleka Rukaya hospitali Korogwe, macho hayajapoa.

Asubuhi ulimgeuza mwanangu anywe uji akitazama ukuta, eti akikutazama atakuambukiza. Akanywa, machozi yanamdondokea kikombeni. Kisha ukaenda kunawa, ukajifuta uso kwa taulo lake lile lile, kama unavyofanya siku zote. Nilikuwa mlangoni. Nilinyamaza kwa heshima ya mama yako tu.

Wifi, ugonjwa huu hauambukizwi kwa kutazamana. Unapita kwenye mikono, kwenye taulo, na kwenye kile kijiti cha wanja mnachopokezana. Taulo nimelichemsha, lipo kambani. Usiliguse. Kijiti nimekitumbukiza chooni, ukitaka kununa nuna.

~~Tutalala kwetu Kwamsisi, msitusubiri.~~ Hapana. Tunarudi jioni, hapa ni kwa Rukaya pia.

Na ujiangalie kwenye kioo. Jicho lako la kushoto limeanza kuwa jekundu, nililiona ulipokuwa unamfokea. Jioni utakula umekaa mbele ya Rukaya, na hakuna atakayekugeuza ukutani.

Wifi yako,
Mama Rukaya