Tochi ya Kichwa Aliyoleta Shemeji

Jumapili, 9 Februari
Tumetoka kanisani, nimepika muthokoi wa mahindi na maharagwe, nimeosha ndoo za asali. Mizinga imejaa, ukipita chini yake unawasikia nyuki.

Shemeji Kioko, mdogo wake Mwanzia, amefika kutoka Syokimau na zawadi. Tochi ya kichwa, kwenye boksi linalong'aa. Akamvisha mume wangu hapo sebuleni, mchana kweupe. Mwanzia akawa anageuza kichwa huku na huku kama ng'ombe aliyefungwa kamba mpya. Ile ya zamani Kioko ameibeba, eti atampa mlinzi wa ploti yake. Mimi sikuulizwa.

Ile ndiyo Mwanzia hupanda nayo kuvuna, giza likishaingia. Mizinga iko juu ya miti. Baba mkwe alianguka kutoka mti kama huo, akalala kitandani mpaka siku ya kuzikwa. Mwanzia akianguka, ni mimi nitakayebaki. Nimekasirika. Mtu wa kumwambia sina, basi naandika.

Jumatatu, 10 Februari
Nimeikagua hiyo tochi. Betri imefungiwa ndani. Hakuna mlango, hakuna skrubu. Ikiisha ni waya na umeme. Umeme gani? Sisi hata simu tunapeleka kuchajiwa kwa kinyozi pale Katangi.

Ya zamani ilikula betri tatu ndogo, zile za rimoti. Unabeba tatu nyingine mfukoni, unabadilisha ukiwa umekaa kwenye tawi. Ilikuwa na ubaya wake. Betri zilivuja mara moja, nikasugua kutu kwa kisu wiki nzima. Lakini ilififia polepole, mtu akapata nafasi ya kushuka. Hii, kinyozi ameniambia, inawaka vilevile mpaka mwisho halafu inazima ghafla. Naye anayo kama hii, hufanya hivyo.

Na kitufe ni kimoja. Ukitaka taa nyekundu, lazima upitie nyeupe kali, nyeupe ndogo, na ile ya kumetameta kama gari la polisi. Nyekundu nyuki hawaioni. Nyeupe wanaifuata mpaka kwenye jicho. Aliyebuni kitu hiki hajawahi kuumwa na nyuki hata mmoja. Namwombea wamuume.

Jumatano, 12 Februari
Soko la Kithimani. Nimeuza kunde zote.

Nimeona tochi ya kichwa ya maana. Nyuma inafunguka. Ndani kuna betri ya kuchaji, na ikiisha unaitoa, unaweka zile ndogo tatu. Nyekundu ina kitufe chake. Mwenye duka aliniacha niifungue na kuifunga mpaka nikatosheka.

Nikamwambia Mwanzia. Amekataa. Zawadi ya ndugu haiwekwi kando, Kioko atasikia vibaya. Kioko, Kioko. Kwani Kioko ndiye anapanda?

Ijumaa, 14 Februari
Sijui nianzie wapi.

Jana Mwanzia aliijaribu, ikazima upesi. Leo natoka shambani, naona kitu kinang'aa juu ya mabati. Tochi. Ameianika.

Mawe ya redio, yaani betri zake kubwa, yakichoka tunayaanika juani, yanaamka kidogo, tunasikiliza habari. Kila nyumba hapa hufanya hivyo. Mama alifanya, na mimi pia. Lakini hii si mawe ya redio, hii ni ya kuchajiwa. Tangu asubuhi imekaa juu ya bati la moto mpaka betri ikavimba. Plastiki imepasuka ubavuni, na ndani naona kitu kimefura kama mandazi.

Nikamwonyesha. Akaichukua, akaizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, akabonyeza. Ikawaka. Akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi. Inawaka, anasema. Ndiyo, hata nyumba huwaka.

Ameipeleka kwa kinyozi ichajiwe. Kinyozi alimwambia hiyo imekufa. Hakusikia.

Jumamosi, 15 Februari
Anapanda leo. Nimesema nitaenda kushika moshi wa kutuliza nyuki. Siendi kwa mapenzi. Mtu mjinga akiachwa peke yake anazidi.

Jumapili, 16 Februari
Sijaenda kanisani. Mwanzia amevunjika mkono wa kulia.

Alikuwa amefika juu, amefungua mzinga, ameteremsha ndoo ya kwanza kwa kamba. Halafu tochi ikazima. Haikufifia, ilizima tu. Ni yale niliyoyaandika Jumatatu. Nyuki wakatoka wakiunguruma. Simu yangu ilikuwa kwa kinyozi. Moshi wangu ulikuwa wa majani mabichi, moto wenyewe haukutosha hata kuona vidole. Mwezi ulikuwa haujatoka. Nikasikia akigonga tawi kwa mguu, akitafuta pa kukanyaga, hapati.

Nikamtukana. Nilianza na yeye, nikaenda kwa ndugu yake, nikafika mpaka kwa babu yao aliyezaa vichwa vigumu namna hii. Nilisimama palepale kwenye shina na kutukana mpaka koo likakauka. Majirani wamesikia. Wasikie.

Alishuka. Tawi la mwisho likamtelezesha, akaangukia mkono. Hospitali wamemfunga plasta. Uso umevimba, jicho moja halionekani. Niliogopa, na bado nina hasira. Vyote viwili viko hapa kifuani vinasukumana.

Jumanne, 18 Februari
Kioko amekuja. Amekaa, ameangalia plasta, akauliza mbona hatukuichaji vizuri. Eti kwenye boksi imeandikwa ndiyo yenye mwanga mkali kuliko zote dukani.

Nikamwambia, "Shemeji, hakuna aliyekuomba jua. Ungeuliza anayepanda, au ungeuliza anayengoja chini."

Nimemheshimu huyu mtu tangu niolewe. Leo nimesema. Aliondoka bila kunywa chai. Mwanzia hakunigombeza.

Ijumaa, 21 Februari
Uvimbe wa uso umeshuka, macho yote mawili yamefunguka. Mvua imenyesha kidogo mchana.

Mkono wa kulia bado hauwezi, kwa hivyo nilikuwa namlisha uji. Katikati ya bakuli akaanza kuongea mwenyewe. Alisema kule juu hakuwa anaona hata mikono yake. Nyuki walikuwa masikioni, akapotea kabisa, hakujua mti uko upande gani na hewa iko upande gani. Karibu aachilie.

Alisema alishuka akifuata matusi yangu. Niliponyamaza kuvuta pumzi, naye alisimama, akangoja nianze tena.

Nilijaza kijiko kingine, nikapuliza kwanza.