Namba Nyekundu Kwenye Milango ya Kadutu

Jumamosi. Mvua imekatika asubuhi, tope la mtaa wetu wa Kadutu linateleza kama sabuni.

Nimefundisha jiografia miaka mingi, na tabia ya kufafanua haijanitoka. Naamini Bukavu, makao makuu ya jimbo letu, inaweza kuwa mji unaojulikana duniani. Ina ziwa, ina vyuo, ina mpaka mlangoni. Lakini mji wa namna hiyo huanza na jambo dogo: nyumba iwe na anwani. Bila anwani, gari la wagonjwa halikupati, wala mgeni mwenye biashara. Hapa kwetu tunaelekezana, "Teremka chini ya kanisa, kisha uliza Maman Furaha."

Basi nilimwomba Papa Zihindula, mpima ardhi ninayesali naye, aje kuandika namba kwenye milango ya avenue yetu. Nilichagua leo kwa sababu ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi: Jumamosi watu wote wako nje, wanazibua mifereji. Nikampa rangi iliyobaki kwangu. Nyekundu.

Nilimwambia mkuu wa avenue. Majirani sikuwaambia, mimi niliyezoea kueleza kila kitu.

Wala sikuwaza kwamba watu wa salongo wana majembe na mapanga mikononi.

Kwenye mlango wa saba Maman Furaha, muuza makaa, alipiga kelele. "Weye! Unatia alama ku nyumba yangu juu ya nani? Wakati ya vita walitia alama kama hii ku mlango, na usiku wakamuua bwana yangu!"

Jiwe lake lilimpata Zihindula kwenye jicho. Halafu wote wakamvamia. Nilisikia mpini wa jembe ukivunja mfupa. Ni sauti kavu. Mtu akacheka, "Naye mumuandikie namba, ku kichwa!" Mwingine akaagiza tairi na esansi ya kumchoma.

"Nani alikutuma?" walimuuliza Zihindula.

Alinitazama. Hakunitaja.

Nami nilinyamaza.

Wakampiga tena, mbavu, mkono, mdomo. Ndipo sauti ikanitoka: "Ni miye nilimutuma!"

Wakasimama. "Papa Mwalimu? Na ulikuwa unaangalia tu?" Maman Furaha akatema mate miguuni pangu, kisha akafungua kitenge chake cha mabegani, akamfunga Zihindula kichwa.

Daktari amesema ataishi. Jicho la kushoto limekwenda.

Siku zote nilidhani kikwazo cha mji huu ni barabara na umeme. Nilitaka dunia iweze kutupata, na majirani zangu wako hai kwa sababu wakati wa vita hawakupatikana.

Kesho baada ya misa nitasimama mbele yao nikiri kwamba nilinyamaza. Kisha nitapita mlango kwa mlango kuomba ruhusa, na atakayekataa nitamsugulia rangi itoke, kwa mikono yangu.

Lakini kwa Zihindula, aliyekataa kunitaja, nitaanzia wapi?