Wageni Wote wa Kwanza

Mpendwa dada Nadia,

Shikamoo. Kiingereza cha sekondari nakitumia kujibu mitihani. Ya moyoni yananitoka kwa Kiswahili, hiki tulichokuwa tunachekea.

Unaikumbuka harusi ya anti Joyce? Mlikuwa mmekimbia Burundi mwaka uliotangulia, mnaishi kwetu Gungu, upande huu wa mpaka, na mama anakuita "mwalimu" kwa kuwa ulijua PHP, lugha ya kuandikia kurasa za kompyuta. Tukatengeneza ukurasa wa kukaribisha wageni, uangazwe ukutani ukumbini. Kila jina lipite kwenye fanksheni yetu, kipande cha programu kinachoitwa kila mgeni anapoingia, litoke na neno la karibu. Bibi alitoa sharti moja tu: yeye ndiye mkubwa wa ukoo, atajwe mgeni wa kwanza, wengine wamfuate.

Tukaweka kigeu, kisanduku cha kutunzia jina, chenye neno static, kile ambacho fanksheni inakitunza ikishamaliza kazi, ili ikiitwa tena ikumbuke nani alitangulia. Halafu tukaongeza alama ya &, kigeu kisishike jina lenyewe, kielekeze tu lilipo. Tulijiona wajanja kweli!

Ukuta ukawaka: "Bibi Konsolata, mgeni wa kwanza." Vigelegele. Kisha: "Mjomba Filberti, mgeni wa kwanza." Kisha jirani, naye wa kwanza. Kisha kichanga cha shangazi, kimelala mgongoni.

"Heh! Na huyu kanitangulia?" bibi akauliza. "Hata meno hana!"

"Mama, leo hakuna wa pili," mjomba akamjibu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, bibi mwenyewe akajifuta machozi kwa kitenge.

Mimi nilijificha nyuma ya spika. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukanionyesha: static haitunzi kile kinachoelekezwa kwa &. Fanksheni ikiitwa tena inakuta patupu, ndiyo maana kila anayeingia ni wa kwanza. Ukaifuta ile alama, jina likawekwa lenyewe, likakaa.

"Kuelekeza si kushika, mwana wanje," ukasema, na hilo la 'mwanangu' ukaliiga kwa sauti ya bibi.

Sasa nikwambie ukweli, dada. Mimi nilikuwa naelekeza kwako tu. Mtu akiniuliza kitu pale kwenye darasa letu la kompyuta la watoto, kidole kinakwenda kwako: "Muulizeni dada." Mlipopanda basi kurudi kwenu, watoto wakauliza nani atawafundisha. Nikatazama kiti chako. Mwenye chumba akasema asipopatikana mtu, darasa linafungwa.

Jumamosi iliyopita nilisimama mbele yao. Msichana mmoja aliyevuka mpaka juzijuzi akauliza kwa Kirundi mbona kigeu chake kinasahau kila kitu. Nikainama kwenye skrini yake. Nikaiona. Ileile &! Nikacheka peke yangu, wakadhani nimechanganyikiwa. Basi nikawasimulia harusi nzima, nusu kwa Kirundi changu kibovu, nusu Kiswahili, na nilipofika kwenye meno ya kichanga hakuna aliyebaki mzima kwa kicheko.

"Mwalimu, endelea," yule msichana akasema.

Mwalimu, dada. Mimi! Na kiti chako sikukigeukia hata kidogo. Darasa halifungwi.

Bibi anakusalimu. Anasema kwenye harusi yako inayokuja lazima atajwe wa kwanza, na safari hii awe peke yake. Mwambie shemeji asihangaike kutafuta fundi. Ukurasa huo nauandika mimi.

Kula migebuka, samaki wa ziwani, ya upande wenu uniambie kama inaifikia yetu. Ziwa si ni lilelile?

Ni mimi, mdogo wako wa nyuma ya spika