Lango la Mjomba Bachisio

Grazietta, pokea simu. Nimekwisha.

Nimefunga lango. Lile la juu, kwenye njia ya changarawe, kwa Mjomba Bachisio. Mimi, mzaliwa wa kijiji hiki cha Baunei, ninayewaongoza wageni wa baiskeli na kuwahubiria kila asubuhi: lango liacheni kama mlivyolikuta.

Leo tumelikuta wazi. Nikajua tu kuna mtalii kalisahau. Nikashuka kwenye baiskeli, nikalifunga, na kamba nikaikaza. Najiona mstaarabu.

Kumbe mzee aliliacha wazi makusudi, kondoo washuke bondeni kunywa maji. Na jua hili la Agosti. Kutwa nzima, Grazietta.

Tumerudi jioni, tumewakuta wamesongamana pale langoni. Wanne wamekufa.

Hakunifokea. Bora angenifokea. Nikamwambia, "Ni mimi, Mjomba."

Akasema, "Najua. Fundo hilo si nilikufundisha mwenyewe?"

Lango nimelifunga mimi. Kwa fundo lake.

Halafu akaingia ndani, akaniletea glasi ya maji. "Kunywa, mwanangu. Umeshinda juani."

Njoo unichukue. Niko kibarazani kwake, glasi bado iko mkononi, imejaa.