Jino la Shangazi la Kukatia Uzi

Shoga, ndiyo kwanza tumetoka kwa daktari wa meno. Lile jino la mbele alilopandikizwa shangazi linacheza kama mguu wa kiti kibovu. Lazima ling'olewe.

Unajua alivyolidekeza. Mwaka mzima hajaling'atia hata mkate. Daktari akamuuliza, "Sasa mama, limelegezwa na nini?"

"Nakatia uzi tu."

Uzi tu, anasema. Fundi cherehani mzima, kutwa anakata uzi kwa meno.

Daktari hata hakucheka. Akasema skrubu iliyoshika jino ni fupi na nyembamba. Ukiuma wima inavumilia, lakini ukivuta kwa kando nguvu yote inaelemea ukingo wa mfupa, na mfupa unalika kidogo kidogo. Nilikuwa na utani mdomoni. Nikauona uso wa shangazi, nikaumeza.

"Basi niwekee nene."

"Nene inataka mfupa, mama, na mfupa umekwisha."

Akarudia kama hakusikia. "Nene, mwanangu. Na ndefu kidogo."



Shoga, njia nzima amefunika mdomo kwa kiganja, na jino lenyewe bado limo.