Mayai ya Mama na Volti za Kwenye Kibandiko

Fundi Damiani,

Nakuandikia nikiwa na kichefuchefu, na si cha malaria. Tangu tukuzike, karakana yako ya hapa Mchombe iko mikononi mwa Kasto, mwanafunzi wako mkubwa, na mimi Oliva bado ni msaidizi. Umeniachia mtu gani huyu, Fundi?

Lile sanduku la kutotolea vifaranga ulilomtengenezea Mama, mkeo, ndilo limekuwa likimlisha tangu uondoke. Juzi kati joto lilipungua. Sababu unaijua: ulikuwa msimu wa kukoboa, mashine zote za mpunga zinanguruma, umeme umelegea. Enzi zako ulimwambia tu afunike sanduku kwa blanketi, mkangoja msimu upite. Safari hii akatuita sisi, kwa kuwa ni watu wako.

Kasto alipima ampea, akapata moja nukta nane. Volti hakupima. Alisoma 230 kwenye kibandiko ulichobandika wewe, akagawanya, akapata omu mia moja ishirini na nane, akatangaza kwamba waya wako wa kupasha joto, wa omu mia, umezeeka. Kugawanya aligawanya sawasawa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Akafunga waya mfupi alioununua Ifakara, wa omu sitini, eti uvute umeme mwingi zaidi na kuongeza joto.

Mimi nilikuwa na mita nyingine. Niliichomeka kwenye soketi nyuma ya mgongo wake. 180! Gawanya kwa moja nukta nane, ni omu mia kamili. Waya wako ulikuwa mzima, Fundi. Nikanyamaza. Nilijidanganya kwamba Kasto ni mkubwa wangu, siwezi kumuumbua mbele ya Mama. Sanduku likapata joto zuri, Mama akatushukuru, akatupakulia wali, nami nikala nikashiba.

Msimu ukaisha, mashine zikazimwa, volti zikarudi 230. Waya wa omu sitini ukavuta karibu ampea nne. Zidisha volti kwa ampea: karibu wati mia tisa, ndani ya sanduku ulilolipangia mia tano na kitu. Tulipofunua kifuniko, harufu ilinikimbiza nje. Mayai yote yalikuwa yameiva, mengine yana vifaranga vyenye manyoya tayari. Kasto akasema umeme wa siku hizi hauaminiki, akaenda kunawa mikono. Nilimtazama nikataka kutapika. Kisha nikajifikiria mwenyewe, kichefuchefu kikawa kilekile.

Ulikuwa ukinigonga vidole kwa bisibisi: "Pima kwanza, Oliva, halafu ndiyo ubishe." Nilipima. Kubisha nikashindwa.

Jumapili baada ya misa nilimweleza Mama yote, ya Kasto na yangu. Waya wako niliuokota kwenye vyuma chakavu, nikaupima, nikaufunga mahali pake. Sanduku linafanya kazi, lakini halina hata yai moja, maana Mama hataki kuliona. Kila asubuhi napita mlangoni kwake nampa shikamoo. Haitikii.

Pumzika, Fundi wangu. Nimekukosa, na nimekukosea. Nakuahidi, namba nikiiona nitaitamka palepale, awe amesimama mkubwa wangu au nani. Na kesho nitapita tena kwa Mama nimwamkie, na keshokutwa, hata kama mlango wake utabaki kimya.

Oliva